Konokono 60 kwa tangi la lita 240? Anza na 13

Swali: Nina tangi la maji ya chumvi la lita 240, limefikisha miezi minne. Mchanga una kina cha sentimita 4, mawe ni kama kilo 25. Ndani kuna matumbawe laini na machache yenye mifupa, samaki wa anemoni wawili, na kaa wadogo 6 wa wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Vioo vinashika utando wa kahawia kila baada ya siku mbili, na mawe yameota mwani wa kijani kama nywele, urefu wa sentimita 2 hivi. Muuzaji ananishawishi nichukue fungu la konokono 60 wa mchanganyiko, anasema ndicho kipimo cha tangi la ukubwa huu. Mwezi uliopita nilinunua 10. Ndani ya wiki mbili 7 wakafa. Nichukue hilo fungu? Kama hapana, ninunue wangapi, na wa aina gani?

Jibu: Hilo fungu liache. Nunua konokono 13 tu kwa sasa: Trochus 4, Cerithium 6 na Nassarius 3. Lakini usiwanunue kabla hujajua wale 7 walikufa kwa nini, la sivyo hawa nao watawafuata.

Hesabu ya muuzaji inatoka kwenye kanuni ya zamani ya konokono mmoja kwa kila galoni. Lita 240 ni galoni 63, basi 60 hiyo hapo. Tatizo ni kwamba konokono hali maji. Anakula kinachoota juu ya vioo na mawe, na hicho kinategemea taa, umri wa tangi, idadi ya samaki na mkono wako unapowalisha. Matangi mawili ya lita 240 yanaweza kupishana mara tatu kwa chakula cha konokono. Lako lina samaki wawili tu, kwa hiyo hata mwani ulio nao leo hautaota hivi milele. Miezi hii ya mwanzo kila tangi hupitia kahawia na kijani.

Ukiweka 60, wiki ya kwanza utafurahi: vioo vitang'aa. Kufikia wiki ya tatu au ya nne utando umekwisha, na wanaanza kufa mmoja mmoja, wengi wao nyuma ya mawe usikoona. Mzoga unaoza, unatoa amonia, amonia inaishia kuwa naitreti, fosfeti nayo inapanda, na mwani unarudi ukiwa na nguvu kuliko mwanzo. Ulichonunua ni mbolea.

Kwanza tambua kinachoota

Chukua kadi ngumu ya plastiki, ukwangue kioo kwa nguvu ndogo. Kahawia ikitoka kama vumbi la unga na kutawanyika majini, hizo ni diatomu, mwani mdogo wa chembe moja. Zinatumia silika iliyomo majini na kwenye mchanga mpya, na karibu kila konokono mla mwani anazipenda. Hizi ndizo nadhani unazo, kwa umri wa tangi lako.

Madoa ya kijani magumu yasiyotoka mpaka utumie wembe hayaondolewi na konokono kwa kiasi cha kuridhisha, hata muuzaji akuapie. Ngozi nyekundu au zambarau inayobanduka kama karatasi iliyolowa, yenye viputo vya hewa, ni sayanobakteria. Hiyo ipunguze kwa kufyonza na kuongeza mzunguko wa maji. Hakuna konokono wa kutegemea hapo.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini, kwa sababu lina uhusiano na vifo vyako. Angalia kahawia yako saa moja baada ya taa kuwaka, kisha uiangalie tena jioni kabla ya kuzimwa, halafu usiku wa manane kwa tochi. Ikiwa inakua mchana na kuwa kama makamasi yenye nyuzi na viputo kwenye ncha, kisha usiku inapungua sana, hizo si diatomu bali ni dinoflajelata, viumbe wengine wadogo wa chembe moja. Baadhi yake zina sumu. Konokono akizila hulegea, huanguka kutoka kwenye kioo, hulala juu ya mchanga bila kujivuta ndani, na hufa siku chache baadaye. Ukiona hivyo usinunue konokono hata mmoja mpaka zitoweke. Pima naitreti na fosfeti: mara nyingi dinoflajelata hushamiri pale zote mbili zinaposoma sifuri, na dawa ya kwanza ni kuziacha zipande kidogo, si kusafisha zaidi.

Nywele za kijani nazo zina kanuni yake. Konokono hula mwani mfupi. Mwani wa sentimita 2 humponyoka, anapita juu yake kama mtu anayetembea kwenye nyasi ndefu. Ung'oe kwa mkono kwanza. Toa jiwe moja moja, liweke kwenye ndoo ya maji ya tangi, vuta nywele kwa vidole, kisha sugua kwa mswaki mgumu mpaka zibaki milimita chache. Usisugue ndani ya tangi, vipande vitaenda kuota kwingine. Jiwe lisilotoka kwa sababu ya matumbawe, vuta nywele huku mpira wa kufyonza maji ukiwa sentimita moja kutoka kwenye vidole vyako. Maji unayoyatoa yawe ndiyo ya kubadilisha wiki hiyo, lita 25 hadi 30. Fanya mawe robo kila wiki. Baada ya hapo ndipo konokono wana kazi wanayoiweza: kuzuia kilichokatwa kisirefuke tena.

Usidanganywe na kipimo cha fosfeti kinachosoma sifuri huku mawe yamevaa manyoya. Mwani unaila kabla kipimo hakijaiona. Punguza chakula cha samaki, suuza chakula kilichogandishwa kwenye kichujio cha chai kabla ya kukitia, na lenga naitreti ya mg 5 hadi 10 na fosfeti ya mg 0.03 hadi 0.1 kwa lita.

Aina

Trochus ndiye nguzo. Gamba lake ni kama pia ya kuchezea, limechongoka, mara nyingi lina michirizi ya zambarau au kahawia, upana wa sentimita 2 hadi 4. Anakula utando wa vioo na mawe, anakula mwani mfupi, anatoka kwenye bahari za joto kwa hiyo nyuzi 25 au 26 za tangi kama lako hazimsumbui. Ana sifa moja ninayoiweka juu ya zote: akianguka chali anajigeuza mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Konokono kwenye tangi huanguka mara kwa mara, na penye mchanga laini na kaa 6 wenye njaa, aliyelala chali usiku kucha ni chakula kilichoandaliwa.

Anayefanana naye na kuuzwa naye ni yule wa jina la biashara Astraea. Wengi wao ni Lithopoma tectum wa bahari ya Karibi. Naye ana umbo la pia, ila gamba lake lina mikunjo mikavu inayoshuka kutoka kileleni hadi kwenye pindo, kama mwavuli uliofungwa vibaya. Ni mchapakazi, lakini akipinduka kwenye mchanga hajinyanyui. Ukiwa na shaka yupi ni yupi, omba wawekwe chali chini ya maji kwenye sehemu tambarare. Trochus atatoa mguu mrefu, ataupapasa huku na huku mpaka ushike, kisha atavuta gamba lote na kulisimamisha. Mwenye afya humaliza kazi hiyo ndani ya dakika chache. Yule mwingine atanyoosha mguu hewani, atashindwa, atajifunga. Kwa tangi lisilo na mchanga ningekuambia Astraea ni sawa. Kwa lako hapana, labda uwe mtu wa kupita kila asubuhi ukiwasimamisha.

Cerithium ni wadogo, wembamba, wamejipinda kama skrubu, wengi hawazidi sentimita 2 au 3. Mchana wamejizika au wamejibana kwenye nyufa, usiku wanatapakaa. Wanafika mahali Trochus hafiki: ule mstari mchanga unapogusana na kioo, sehemu za chini za mawe, matundu membamba. Wanakula diatomu, utando na mabaki laini, na wanapotembea ndani ya mchanga wanaupitisha hewa tabaka la juu. Siku moja utakuta kwenye kioo uzi mweupe uliojikunja kwa mizunguko midogo kama mshono. Hayo ni mayai yao. Yaache.

Nassarius wengi huwaelewa vibaya. Huyu hali mwani kabisa. Ni mla mizoga na masalia ya nyama, amejizika mchangani na kuacha mrija mdogo tu umechomoza kama kidole cha kijivu, unanusa maji. Tia kipande cha nyama ya kamba kilichoyeyuka barafu na uhesabu: ndani ya dakika moja mchanga unapasuka hapa na pale, nao wanatoka mbio. Kwa konokono, mbio za kweli. Faida yao kwako ni kutifua mchanga na kumaliza chakula kilichopotea chini, pamoja na mzoga usioonekana nyuma ya jiwe. Kwa samaki wawili, 3 wanatosha. Ukiweka 10 watakosa chakula. Wanataka mchanga laini wa sentimita 3 kwenda juu, na wewe unao.

Kwa Nassarius kuna mtego mkubwa. Konokono wa tope wa pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini, Ilyanassa obsoleta, huuzwa kwa jina hilohilo. Ni mweusi au kahawia nzito, gamba limechakaa na mara nyingi kilele kimelika. Ni wa maji baridi. Kwenye nyuzi 26 anaishi kama mshumaa uliowashwa pande mbili, halafu kwisha.

Turbo, hasa Turbo fluctuosa wa Ghuba ya California, ndiye atakayetajwa na kila mtu ukitaja nywele za kijani. Ni kweli anazila kuliko wote niliowataja. Pia ni tingatinga. Anafika sentimita 5 au 6, anapita katikati ya matumbawe, na kipande chochote ambacho hakikugundishwa kwa gundi kitakutwa asubuhi kiko mchangani, uso chini. Kwao maji hupoa sana msimu wa baridi, na kwenye tangi la nyuzi 27 na zaidi wengi hudhoofika baada ya miezi. Kubwa zaidi, nywele zikiisha hana cha kula. Ukimtaka, chukua mmoja, baada ya kung'oa kwa mkono, na umpange mapema mtu wa kumpokea akimaliza kazi. Akifa bila wewe kujua, mwili wa ukubwa ule unaweza kuchafua lita 240. Kwenye tangi la lita 60 unaweza kuua samaki.

Nerita wanasafisha vioo vizuri mno. Ila ni wa ukanda wa kupwa na kujaa, kupanda juu ya maji ndiyo maisha yao, na tangi lisilo na kifuniko litawatoa sakafuni. Mayai yao ni vidoti vyeupe vigumu kama chokaa, vinavyobaki kwenye kioo muda mrefu. Ukiwa na kifuniko, chukua wawili badala ya Trochus wawili.

Wa kukataa moja kwa moja: Margarites na Tegula, kwa sababu wengi wanaouzwa ni wa maji baridi ya Pasifiki ya kaskazini mashariki na hufa polepole kwenye tangi la joto hata ukiwatunza vipi, Engina mendicaria mwenye mistari ya njano na nyeusi, mzuri wa macho lakini anakula minyoo ya mchangani ambayo wewe unaihitaji, na kauri wakubwa kama Cypraea tigris, ambaye akiwa mdogo anakula mwani, akikua anageukia sifongo na matumbawe laini huku akiangusha kila kitu. Na konokono yeyote wa umbo la koni yenye michoro ya kupendeza, mdomo wa gamba ukiwa mwembamba na mrefu, usimshike kwa mkono. Conus geographus ameshaua watu, na hakuna dawa ya kuzima sumu yake.

Strombus wa kupepeta mchanga? Baadaye. Mchanga wa miezi minne haujapata uhai wa kumlisha. Tangi likifika mwaka, mmoja.

Kwa nini 7 walikufa

Ukiacha dinoflajelata, una washukiwa wanne, na mpangilio wa vifo unaweza kukuonyesha ni yupi.

Wa kwanza, na ndiye ningemtia hatiani bila kesi ndefu, ni tofauti ya chumvi. Samaki ana viungo vya kurekebisha chumvi mwilini. Konokono hana, mwili wake unafuata maji aliyomo. Wauzaji wengi huweka matangi ya samaki kwenye kipimo cha chumvi (uzito linganishi wa maji) cha 1.020 au 1.021 na konokono wamo humohumo. Wewe nadhani una 1.025 au 1.026, kama inavyotakiwa. Ukimtoa kule na kumtumbukiza huku baada ya kuelea ndani ya mfuko kwa dakika 20, joto limelingana, chumvi haijalingana hata kidogo. Hafi siku hiyo. Anajifunga, anatoka nusu, anashindwa kushika kioo, na kati ya siku ya 3 na ya 10 anakufa. Watu wengi huona wiki imepita wakatafuta sababu nyingine.

Wa pili ni njaa. Hii huchelewa: mwezi, miezi miwili. Kwenye tangi lenye utando kila siku mbili, si hii.

Wa tatu ni kaa wako. Kaa wa magamba huua konokono ili ahamie, si kwa chuki bali kwa sababu amekua na nyumba imembana. Alama yake ni gamba lililo wazi na safi asubuhi, bila nyama wala harufu, na kaa mmoja amebadili vazi. Watupie magamba matupu 15 hivi, ya ukubwa tofauti kuanzia sentimita 1 hadi 3, yaliyochemshwa na kusuuzwa, bila rangi ya kupakwa. Mauaji hayataisha yote lakini yatapungua.

Wa nne ni shaba. Kama tangi, mawe au hata ndoo viliwahi kutiwa dawa ya shaba ya kutibu samaki, konokono hufa ndani ya saa au siku chache, wote karibu kwa pamoja, na waliobaki hawaonekani wakitembea. Mawe hunyonya shaba na kuiachia kidogo kidogo. Maji ya bomba yaliyolala kwenye mabomba ya shaba yanaweza kuleta tatizo hilo pia, ndiyo maana maji ya kujazia yawe ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa osmosisi kinyume. Lakini wewe una kaa 6 na konokono 3 walio hai, kwa hiyo shaba siiweki mbele.

Wakati unapima, pima pia alkali, kalsiamu na magnesiamu: 8 hadi 9 dKH (kizio cha alkali), mg 400 hadi 450, na mg 1,250 hadi 1,350 kwa lita. Si sababu ya kifo cha wiki mbili, ila gamba linalomomonyoka kileleni na kuwa jeupe kama chaki hutokana na hapo.

Namna ya kuwachagua na kuwaingiza

Dukani chagua aliye juu ya kioo, si aliye chini mchangani. Mguse mguu: ajivute mara moja. Mvute taratibu pembeni, si kwa kung'oa juu, na uhisi ukinzani. Mnuse. Konokono aliyekufa ana harufu ambayo hutaisahau, na mmoja wake ndani ya mfuko mmoja huharibu wenzake wote. Mwombe muuzaji akuambie kiwango cha chumvi cha tangi lake, au beba rifraktomita yako, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Aliyezoea kuuza viumbe vya matumbawe hataona ajabu.

Nyumbani usiwashe taa kali. Weka konokono na maji yao kwenye chombo safi, wote wasimame kwa mguu. Pima chumvi ya maji hayo. Teremsha mpira mwembamba wa hewa kutoka tangini, ufunge fundo, ulikaze mpaka maji yadondoke matone 2 au 3 kwa sekunde. Maji yakifika mara mbili ya mwanzo mwaga nusu, endelea, mwaga tena, mpaka rifraktomita isome sawa na tangi. Tofauti ikiwa ndani ya 0.002, saa moja na nusu inatosha. Ikiwa zaidi, enda saa 3 au 4, na joto la chombo lisishuke. Kiweke ndani ya beseni la maji vuguvugu. Waliokuja wamefungwa kwenye karatasi mbichi bila maji nao wafanyie hivyo: anza na maji ya tangi uliyoyapunguza kwa maji ya RO hadi 1.022, kisha panda.

Kabla hawajaingia, sugua magamba kwa mswaki laini kwenye maji ya chumvi. Hapo ndipo anemoni waharibifu, mwani wa viputo na mwani mwingine sugu hupanda gari la bure. Chunguza ukingo wa gamba, karibu na kifuniko cha mdomo wake: vipande vyeupe kama punje ndogo za mchele, milimita 1 hadi 3, ni konokono vimelea wa jamii ya Pyramidellidae wanaonyonya wenzao. Watoe kwa kibanio, na urudie kuangalia kwa tochi usiku kwa wiki mbili. Gamba pia linaweza kubeba vijipu vya Cryptocaryon, ugonjwa wa madoa meupe wa samaki. Konokono hauugui, anausafirisha. Mwenye nafasi awaweke kwenye tangi dogo lisilo na samaki kwa siku 76, akiwalisha mwani mkavu. Najua wengi hawatafanya. Ila maji ya mfuko usiyamwage tangini. Hilo halina gharama yoyote.

Waingize taa zikiwa zimezimwa, mmoja mmoja, juu ya jiwe, mguu chini. Usiwadondoshe kutoka juu.

Baada ya hapo

Wahesabu wale 3 waliobaki. Kama ni Trochus, basi nunua mmoja tu wa aina hiyo, si wanne. Subiri wiki tatu bila kuongeza. Kioo cha mbele endelea kukisafisha kwa sumaku, vya pembeni na nyuma viache. Hilo ndilo shamba lao. Ukisogea karibu na kioo cha pembeni utaona njia zao: msururu wa vimistari vifupi vya kwenda na kurudi, kana kwamba mtu alilamba utando kwa ulimi wenye meno. Ndivyo ilivyo hasa, maana ulimi wa konokono una safu kwa safu za meno madogo.

Njia zikiwepo lakini kahawia inawashinda, ongeza Trochus 2 na Cerithium 4, subiri tena wiki tatu. Vioo vya nyuma vikiwa safi kabisa na Trochus wanashinda wamejibana mahali pamoja bila kutembea hata usiku, wametosha au wamezidi. Funga kipande cha nori (karatasi ya mwani mkavu) cha sentimita 4 kwa 4 kwenye kijiwe kwa mpira, kiweke jioni, kilichobaki kitoe kesho yake. Mara mbili kwa wiki. Kwa tangi lako sioni sababu ya kuvuka Trochus 8, Cerithium 12 na Nassarius 4, hata baada ya mwaka. Trochus huzaa matangini, na siku maji yanageuka kama yametiwa maziwa ghafla usiku huku dume mmoja yuko juu ya jiwe akitoa moshi, usikimbilie kubadilisha maji; washa kichujio cha povu na uache hewa iingie.

Angalia vifaa. Midomo ya pampu za mzunguko ivishwe kava lenye matundu madogo, la sivyo Cerithium watavutwa humo. Kama maji yako yanashuka kwenye tangi la chini kwa bomba, Trochus mmoja mwenye upana wa sentimita 3 anatosha kuliziba, na usiku mmoja pampu ya kurudisha maji inaweza kumwaga lita 20 sakafuni. Weka wavu mgumu wenye matundu ya milimita 6 mdomoni mwa njia ya maji, uusafishe kila Jumamosi, na uguse ndani ya bomba kwa kidole.

Kwa anayelala chini bila kutembea: msimamishe, umpe saa 12. Akiwa bado yuleyule, mtoe na umnuse. Kifuniko kilichofunga kwa nguvu maana yake yu hai. Kilicholegea, nyama imening'inia na haijivuti ukiigusa, ni mzoga, utoe saa hiyohiyo. Nassarius wakikusanyika juu ya mwenzao saa moja baada ya taa kuzimwa, hawajamuua; wamekutangulia kumnusa.